Jiwe Moja Si Kesi

Nyangwine alipokufa alimwachia mkewe, Gati, nyumba ya matofali yenye bati, shamba la mihogo na mtama linaloteremka hadi mtoni, na mabinti ambao wote walikuwa wameshaolewa mbali. Mtoto wa kiume hawakupata. Kijiji chao kiko kati ya Ringwani na Nyansurura, na huko mjane wa namna hiyo ana njia yake tangu zamani: anaoa. Anatafuta mwanamke mwenzake, anamtolea ng'ombe kama ambavyo mwanaume angefanya, na watoto ambao mwanamke huyo atazaa na mwanaume wa nje wanabeba jina la marehemu. Inaitwa nyumba ntobhu. Kwa hiyo Gati alipomuoa Elieth hakuna aliyeshangaa.

Elieth alikuwa binti wa upande wa Tarime, mrefu, mwenye maneno machache. Alikuwa ameshaacha mume mmoja, na mkono wake wa kushoto haukunyooka vizuri kwa sababu ya huyo mume. Siku Gati alipokwenda kumwona kwao, wazee walizungumza mambo yao sebuleni, na Gati akamfuata binti jikoni.

"Wazee wameshasema wanachotaka," alimwambia. "Wewe unataka nini kwangu?"

Elieth alifikiri kwanza. "Nataka kukaa mahali ambapo mtu akifungua mlango sishtuki."

"Kwangu hakuna anayepiga mtu," Gati akasema.

Na kweli hakukuwa na wa kupiga mtu. Miaka ya mwanzo walikaa vizuri. Elieth alijua kulima kwa ng'ombe, kazi ambayo Gati alikuwa akiwaomba wanaume wa jirani. Walianika mihogo ikawa udaga, wakauza mnadani, na mwingine wakaupeleka Mugumu sokoni. Elieth alizaa mtoto wa kike, wakamwita Beatrice. Elieth alimwita Gati mama, na Gati alimwita kwa jina lake, mara chache sana mwanangu.

Halafu Nchagwa akarudi kutoka Sirari.

Nchagwa alikuwa mtoto wa mdogo wake Nyangwine. Alikuwa mpakani kwa miaka akivusha mizigo kwa pikipiki, na aliporudi alijenga kibanda kwenye mji wa mama yake, ng'ambo ya njia tu, akitazamana na mlango wa Gati. Katika wiki za kwanza alikuja kusalimia kwa adabu. "Shikamoo, mama mkubwa." Alikaa, akala, akazungumza habari za Sirari. Siku moja alisema kwamba shamba la baba yake mkubwa ni kubwa mno kwa wanawake wawili, na kwamba yeye ndiye mwanaume wa damu aliyebaki.

"Mji huu una watu, Nchagwa," Gati alimjibu. "Nyangwine ana mke, ana mkwe, ana mjukuu. Sijaacha pengo la kuzibwa."

Nchagwa alicheka, akanawa mikono, akaaga. Hakurudi tena kusalimia.

Ukiyataja mambo yaliyofuata, moja moja, yanaonekana madogo. Alianza kukaa na wenzake kwenye uzio wa minyaa jioni, na chupa za gongo na spika inayopiga muziki mpaka madirisha ya Gati yanatetemeka. Elieth akipita na ndoo, spika inapunguzwa ili maneno yasikike. "Mke wa mwanamke anapita. Sista, huyo mzee wako ako na nguvu kweli?" Wengine wanacheka. Kisha ndama wa mama yake Nchagwa wakawa wanakutwa ndani ya mihogo asubuhi, na kamba zao zimefunguliwa, hazikukatika. Kisha kinyesi cha mtu mlangoni mwa jiko. Kisha mbwa aliyekufa ndani ya kisima walichokuwa wanachotea, wakalazimika kwenda mtoni, na njia ya mtoni inapita kwenye ule uzio.

Kisha mawe. Yalikuja wakati wa kula, giza linapoanza kuingia. Jiwe moja juu ya bati. Kimya. Wanaanza kula tena, jingine. Siku nyingine hayaji kabisa, na hizo ndizo zilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu walikaa wakiyasubiri. Beatrice alikuwa bado mdogo, hata kuvaa sketi peke yake hajui, lakini mama yake akipakua tu, alichukua sahani yake mwenyewe akaingia nayo chini ya kitanda. Hakuna aliyemfundisha.

Gati alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Simioni, mtu wa makamo aliyekuwa rafiki wa marehemu mumewe. Alikwenda kwa sababu ya ndama. Simioni akasema ng'ombe ni ng'ombe, hawana mpaka. Akaenda kwa sababu ya kisima. Simioni akauliza kama kuna aliyemwona mtu akimtupa yule mbwa. Akaenda kwa sababu ya mawe.

"Umemwona anayerusha?"

"Yanatoka kwenye uzio. Wao ndio wamekaa kwenye uzio."

"Mama Gati, jiwe moja si kesi. Nikienda na jiwe moja kituoni watanicheka."

"Si jiwe moja. Ni kila siku."

"Kila siku moja," Simioni akasema, na ilionekana anaamini amejibu.

Siku nyingine aliwaita pande zote mbili kwake ili wapatane. Gati hakutaka kwenda. Alimwambia Simioni kwamba hana ugomvi na Nchagwa wa kupatanishwa, ana mtu anayemtupia mawe. Simioni akasema asiyekuja ndiye mkorofi. Basi Gati alikwenda, akakaa kwenye benchi moja na Nchagwa, magoti yao yakigusana, akamsikia kijana akiomba radhi kwa sauti ya kanisani "kama kuna mahali nimemkosea mama yangu mkubwa." Walipeana mikono. Simioni alifurahi. Kesho yake Elieth alimkuta mbuzi wao wa maziwa amelala nyuma ya nyumba, miguu ya nyuma imekatwa mishipa, bado anapumua.

Kwa ajili ya mbuzi Gati alikwenda mpaka kituo kidogo cha polisi. Askari aliyekuwa zamu alimsikiliza huku akinywa chai.

"Huyo kijana ni nani kwako?"

"Mtoto wa shemeji yangu."

"Unaona sasa. Haya ni mambo ya ukoo. Nikimkamata leo, keshokutwa mnakuja hapa mmepatana, mnaniomba nimwachie. Nimeyaona mengi."

"Mimi sitakuja."

"Wote wanasema hivyo," askari akasema, wala hakusema kwa ubaya.

Upande wa pili wa njia kulikuwa na fundi baiskeli, Athanas, mtu mpole mwenye watoto wengi. Kutoka kwenye banda lake alikuwa akiona uzio wote na watu wake. Gati alimwendea, akamwomba aje tu kwa mwenyekiti aseme alichoona. Athanas aliendelea kuzungusha gurudumu kwa muda mrefu.

"Ninayaona, Gati. Siwezi kukudanganya kwamba sioni. Lakini mimi nina watoto, na wale vijana hupita hapa kwangu wakienda na wakirudi."

Gati hakumlaumu. Alirudi nyumbani na kumwambia Elieth. Elieth alikuwa akimenya mihogo, akaweka kisu chini.

"Mama, tuondoke."

"Twende wapi? Kaburi la Nyangwine liko hapa."

"Kaburi halirushiwi mawe," Elieth akasema. "Sisi ndio tunarushiwa."

Gati aliokota kisu akaendelea kumenya. Alijua kwamba Elieth anaweza kuondoka peke yake na mtoto, na kwamba akiondoka hakuna mtu wa haki ambaye angeweza kumzuia. Hilo nalo likawa linamkosesha usingizi, juu ya yale mengine.

Elieth hakuondoka. Siku ya soko alibeba udaga akaenda Mugumu, na baada ya kuuza akasimama kwenye kibanda cha vitenge cha mama mmoja aitwaye Kudra, ambaye ukoo wake ulifika huku kutoka pwani enzi za babu yake. Alikuwa akishika kitambaa tu, hanunui. Kwenye kibanda cha jirani fundi akaanza kugonga bati. Pigo la kwanza tu, Elieth alikuwa ameshachutama chini, mikono juu ya kichwa.

Kudra alimvuta ndani, akamkalisha kwenye marobota, akampa maji. Kumbe mbali na vitenge alikuwa msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale waliopata mafunzo ya kuwasaidia watu wasio na wakili, na alikuwa ameshawaona wanawake wengi, lakini alimwacha Elieth aseme mwenyewe. Elieth, ambaye hakuwa msemaji, alisema mpaka jua likahama kutoka upande mmoja wa soko hadi mwingine. Alianza na ndama akaishia na mtoto chini ya kitanda.

"Mmekuwa mnayapeleka moja moja," Kudra alisema mwishowe. "Ndama peke yake, mbwa peke yake, jiwe peke yake. Na kila afisa anakupimia hicho kimoja. Yapelekeni yote kwa pamoja, kwa sababu ni jambo moja."

"Mwenyekiti hataki."

"Mwenyekiti wa kitongoji si mwisho wa njia. Yuko mtendaji wa kijiji, upo mkutano wa kijiji, yuko mtendaji wa kata, yuko mkuu wa polisi wa wilaya hapa Mugumu. Ipo mahakama, inaweza kumwamuru mtu atunze amani kabla hajaua. Na sikiliza, mdogo wangu. Mna haki ya kusikilizwa bila kuchekwa. Mna haki ya kuambiwa malalamiko yenu yamefika wapi, si kukaa mnakisia. Na hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha ukae benchi moja na mtu anayekutesa. Kukataa kupatana si ukorofi."

Elieth aliyarudia maneno hayo moyoni njia nzima ya kurudi, ili asiyasahau kabla hajamfikishia Gati.

Kudra hakuishia kwenye maneno. Alifunga kibanda chake siku iliyofuata akapanda gari hadi kijijini, na wote watatu wakaenda kwa mtendaji wa kijiji, Felix, kijana mgeni aliyehamishiwa pale muda si mrefu. Felix aliwasikiliza wote bila kuwakatiza. Akasema ataliweka kwenye mkutano wa kijiji. Na kweli aliliweka, mwisho kabisa, baada ya habari ya barabara na ya choo cha shule.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule, na Kudra naye alikuja. Nchagwa alikaa mbele na wenzake, miguu ameinyoosha. Gati aliposimama kuna wanaume waliosogeza viti ili wamwone vizuri, kama watu wanaosubiri mchezo.

Hakupandisha sauti. Alitaja kisima, mbuzi, mlango wa jiko, spika, matusi. Akasema, "Mkiniuliza ni jiwe lipi, siwezi kuwaambia. Naweza kuwaambia kwamba tangu mwaka juzi sijala chakula cha jioni mpaka nikashiba. Mjukuu wangu anakula chini ya kitanda kama paka. Hilo ndilo nimekuja kusema."

Kulikuwa na kicheko mahali fulani kwenye neno paka, kikakatika. Nchagwa akanyoosha mkono kwa heshima. "Mheshimiwa mtendaji, hawa ni wazazi wangu. Haya ni ya nyumbani. Kuna watu wa mjini wanawajaza maneno." Akamtazama Kudra. Minong'ono ya kukubali ikapita kwa wazee.

Simioni alisimama akasema kamati ya usalama italiangalia suala hilo.

"Italiangalia lini?" Gati akauliza. "Na mimi nitajuaje?"

Hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza hivyo kwenye mkutano. Felix alimtazama Simioni, Simioni akatazama chini.

"Utajulishwa," Felix akasema.

Hakujulishwa. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba kamati haikukaa. Mjumbe mmoja alikuwa na msiba, mwingine alikuwa anavuna. Kwenye uzio walikaa kama kawaida, ila sasa walikuwa na jambo jipya la kuchekea. Walimwiga Gati. "Mimi nitajuaje? Mimi nitajuaje?"

Jioni moja Elieth alikuwa akisonga ugali mlangoni mwa jiko, kwa sababu ndani moshi ulikuwa mwingi. Jua lilikuwa linazama, bado unaweza kumtambua mtu ng'ambo ya njia. Gati alikuwa anafungia kuku. Alisikia mlio uliokuwa tofauti na wa bati, mlio mdogo, mzito, kisha mwiko ukaanguka. Elieth hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu akashika uso, na damu ikawa inapita katikati ya vidole vyake inadondokea kwenye sufuria.

Kwenye uzio, kwa mara ya kwanza, spika ilizimwa. Kisha zikasikika mbio za miguu.

Aliyekuja alikuwa Athanas. Alivuka njia bila shati, akamwona Elieth, akageuka kukimbia kutafuta pikipiki. Mama yake Nchagwa alitoka akasimama mlangoni kwake, akarudi ndani akafunga.

Hospitalini Mugumu daktari alisema jicho la kulia limepasuka, na kazi iliyobaki ni kuliondoa ili lisiharibu na la pili. Alisema kwa upole. Elieth alitikisa kichwa kukubali, na akauliza kama Beatrice amekula.

Sasa polisi walikuja. Walikuja na gari, mkuu wao akiwa nao. Walipiga picha jiko, walipima kutoka kwenye uzio hadi mlangoni, walilichukua lile jiwe wakalitia kwenye mfuko wa nailoni. Yule askari wa chai alikuwepo, akiandika maelezo ya Gati. Alimuuliza: haya mambo yalianza lini, kisima kilikuwaje, mbuzi alikuwaje, kuna nani mwingine aliyeona. Gati alimjibu kila swali. Alipomaliza akamwambia:

"Haya yote nilikuja kukuambia. Hukuniuliza hata moja. Kumbe mlikuwa mnasubiri jicho."

Askari alikunja karatasi zake, akazikunjua, akazikunja tena.

Nchagwa alikamatwa njia ya Sirari. Mwenzake mmoja, Nelson, alikamatwa kijijini, na mara moja akasema ni nani aliyerusha.

Kabla kesi haijasomwa wazee wa ukoo walikwenda hospitalini. Walikuwa wameshazungumza, walikuwa na ng'ombe mkononi, kwa maneno tu, na walitaka jambo hili limalizwe nyumbani kama linavyomalizwa siku zote. Walisimama upande wa Gati wa kitanda. Kwa mila yeye ndiye aliyeoa, kwa hiyo yeye ndiye mwenye mke aliyeumizwa, na fidia ni yake.

"Gati," mkubwa wao akasema, "huyu ni damu ya mume wako. Akifungwa, nani atakuzika?"

Gati alikuwa amechoka kupita kiasi. Baadaye alimwambia Kudra kwamba pale alikuwa karibu kukubali, si kwa ajili ya ng'ombe, ila ili watu waondoke alale. Lakini akamwona Elieth, kichwa kimefungwa bandeji, ameelekeza jicho lililobaki ukutani kana kwamba mazungumzo hayamhusu.

"Jicho si langu," Gati akasema. "Ni la Elieth. Muulizeni yeye."

Wazee walitazamana. Hawakuwa wamejiandaa kumuuliza. Mkubwa wao akakohoa, akageuka upande wa pili wa kitanda.

"Binti, unasemaje?"

"Sitaki ng'ombe, tata," Elieth alisema. "Nataka nisimame mbele yake, niseme alichonifanyia, na yeye asikilize mpaka mwisho. Akitaka kucheka acheke mbele ya hakimu."

Alisimama. Ilikuwa mahakamani Mugumu, miezi mingi baadaye, baada ya kuahirishwa na kuahirishwa tena, kila mara wao wakienda na kurudi. Kudra alikuwa akikaa nyuma ya chumba kila siku ya kesi. Elieth aliongea kwa sauti ndogo, hakimu akamwomba apandishe, akapandisha. Hakuanza na jiwe. Alianza na ndama. Wakili wa Nchagwa alisimama kupinga kwamba ndama hawahusiani na shtaka la kujeruhi, na hakimu akasema amwache, anataka kujua jiwe hilo lilikuwa linatoka wapi. Elieth aliendelea mpaka mwisho. Nchagwa hakucheka. Alikuwa amekonda, amenyolewa, alitazama mikono yake muda wote.

Athanas naye alikuja. Hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba atakuja, hata mkewe. Alieleza aliyoyaona kutoka kwenye banda lake, mwaka baada ya mwaka, na vidole vyake vikawa vinapapasa shati vikitafuta kifungo ambacho hakipo.

"Kwa nini hukusema wakati wote huo?" hakimu alimuuliza.

"Niliogopa, mheshimiwa. Hata sasa naogopa."

Nchagwa alifungwa miaka minne. Nelson aliachiwa.

Mtu anaweza kudhani kwamba hapo watu walikuja kumpa Gati mkono. Walikuja wachache, mmoja akiwa Felix, ambaye alikaa kwenye kigoda akasema kwamba alipaswa kumjulisha na hakumjulisha. Gati alimwambia ndiyo, ulipaswa. Felix alikunywa uji aliopewa akaenda zake, na tangu siku hiyo, hilo watu wanalikubali, mtu akipeleka malalamiko ofisini kwake hurudishiwa jibu, hata kama jibu ni kwamba bado.

Wengine walinyamaza. Ukoo wa Nyangwine uliacha kuwaalika kwenye shughuli. Mtoni wanawake walimpisha Elieth achote kwanza, wakisubiri bila kuzungumza mpaka aondoke. Mama yake Nchagwa alikuwa akifagia uwanja wake kila asubuhi akitazamana na mlango wa Gati, na hakuwahi tena kuitikia salamu. Gati aliendelea kumsalimia. Alisema yule mama hakurusha jiwe, na mwanawe yuko jela, na huyo naye anakula peke yake. Athanas alikuta banda lake limevunjwa na spoku za baiskeli za wateja zimekatwa zote. Safari hii alikwenda kwa Felix siku ileile, na Gati na Elieth walikwenda naye wakasimama nyuma yake.

Elieth alijifunza upya vitu vingi. Akimimina chai, ilimwagika pembeni ya kikombe, mpaka alipozoea kuweka kidole kwenye ukingo. Njia ya mtoni alijikwaa kwenye mizizi ya upande wa kulia. Alirudi kulima, Gati akishika kamba za ng'ombe na kumwambia pale anapokwenda pembeni. Walizungumza wakati wa kulima kuliko wakati mwingine wowote. Siku moja Gati alimwambia, bila kusimama, kwamba kama anataka kurudi Tarime na mtoto, yeye atawasindikiza mwenyewe, na hatadai chochote kwao.

"Nikienda, nitakwenda na jicho moja," Elieth akasema. "Nikikaa, nitakaa na jicho moja. Huku nimeshalipanda shamba."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililonalo sasa hivi, mama. Ukiniuliza mwakani nitakwambia la mwakani."

Mawe yalikoma. Hakuna jingine lililoanguka. Jioni wanakula wakiwa wamefungua mlango, na unaweza kusikia watu wa miji ya mbali wakiitana na ng'ombe wakirudi. Beatrice ameanza shule. Bado akipakuliwa chakula anakwenda nacho chini ya kitanda, na wamemwacha, kwa sababu walimu wa hospitali ya wilaya, kama Gati anavyowaita wale wauguzi waliozungumza na mtoto, walisema asilazimishwe. Siku nyingine Elieth huchukua sahani yake akalala chini sakafuni, wanakula wakitazamana kule chini.

Mara ya mwisho walipokwenda Mugumu na udaga walipita kwa Kudra. Walikunywa soda kwenye marobota ya vitenge, wakazungumza habari za mvua na za ada ya shule. Walipokuwa wanaaga, Elieth aliuliza jambo alilokuwa amelibeba.

"Dada Kudra, siku atakapotoka, kuna mtu atakayetuambia? Au tutamwona tu njiani?"

Kudra alisema hana uhakika. Alisema ni haki yao kuuliza, na kwamba yeye atawaulizia magereza na polisi, kisha atawaletea jibu kijijini mwenyewe.

Ameandika, amepiga simu, amekwenda. Mpaka sasa bado anauliza.